Nilivyoula Utafiti Wangu kwa Ugali

Kila nilipompigia simu mama yangu Lushoto aliniuliza swali lile lile: huko Durban unasomea nini hasa? Nami nilimpa jibu lile lile: mimea inayotambaa. Lilikuwa jibu la kweli, ila nilikuwa nimelikata mkia. Mmea wenyewe unaitwa hopsi, na kazi yake kubwa hapa duniani ni kuitia bia uchungu na harufu. Binti wa mwalimu wa madrasa amevuka mipaka mitatu kwenda kutunza kiungo cha pombe! Niliona habari hiyo haifai kupelekwa kwa simu ya kadi, yenye dakika chache na watu watano wanaosubiri nyuma yako.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nakaa Greyville, chumba kimoja juu ya duka la viatu, na bustani yetu ya majaribio ilikuwa Sydenham, kwenye mteremko nyuma ya kitalu cha maua kilichokuwa kimefungwa. Ilikuwa na mistari sita ya mashina, nguzo ndefu za mbao na waya uliopita juu, na kutoka kwenye waya kamba zilishuka hadi kwenye kila shina ili mmea upande. Mtu asiyejua angedhani tunajiandaa kuanika nguo za jeshi zima.

Watu wa bustani tulikuwa watatu tu. Mkubwa wetu alikuwa Daktari, mwanamke wa Kihindi mzaliwa wa Durban, daktari wa mimea, mwembamba, mwenye sauti ndogo na kalamu tatu mfukoni. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake na mwandishi wa daftari la bustani. Wa tatu alikuwa mama mmoja Mrundi, mkimbizi, mtu mzima mwenye watoto wanne shuleni, aliyefagia, akamwagilia na kung'oa magugu. Nilimwita Mama, yeye aliniita mtoto wake, na kwa kuwa Daktari hakujua neno la Kiswahili wala Mama hakujua la Kiingereza zaidi ya salamu, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa wote wawili. Kumbuka hilo, maana ndilo lililonipa nafasi ya kufanya niliyoyafanya.

Mtu atauliza, hopsi na Durban wapi na wapi? Ni swali la haki. Hopsi ni mmea wa nchi za baridi. Unataka kulala usingizi mzito kipindi chote cha baridi, kisha uamke masika ya huko, siku zikirefuka, ukimbilie juu na kutoa maua. Maua yake yamejikunja kama koni ndogo za kijani, na ndani ya koni mna unga wa njano, huo ndio wanaoutafuta watu wa bia. Afrika Kusini hopsi inalimwa mbali kule kusini, nyuma ya milima ya mji wa George, na hata kule siku zake ni fupi mno kwa mmea huu. Wakulima wa zamani waliwahi kuwasha taa mashambani kuudanganya kwamba jua halijazama. Sasa wakaanza kulalamika jambo jingine. Baridi haikai kama zamani, walisema. Mimea inaamka kabla ya wakati, mmoja leo, mwingine baada ya wiki tatu, na mavuno yanakuja vipande vipande.

Daktari alikuwa na wazo ambalo mpaka leo naliona la akili sana. Kama baridi ya George inapungua, alisema, basi tuupande mmea huu mahali ambapo baridi imekwisha kupungua. Durban haina baridi ya maana. Julai watu wanaogelea. Kwa hiyo Durban ya leo inaweza kutuonyesha George ya kesho. Mistari mitatu tuliing'oa mizizi yake kabla ya kipindi cha baridi, tukaipeleka Mobeni kwenye ghala la barafu, ikalala huko kwenye magunia yenye unyevu, jirani na masanduku ya samaki, kisha tukairudisha ardhini. Mistari mitatu mingine tuliiacha palepale, ijionee yenyewe hali ya hewa ya Durban.

Mwaka wa kwanza mistari ile iliyoachwa ilitutia aibu. Iliamka katikati ya baridi, ikatambaa chini huku na huko kama mtu aliyeamshwa usiku akitafuta kandambili, na siku zikiwa bado fupi ikaamua imeshakua. Ikatoa maua ikiwa usawa wa kiuno changu. Nami si mrefu. Koni zenyewe zilijaa kofia moja. Ile iliyolala Mobeni ilipanda vizuri, lakini hakuna mkulima anayeweza kulaza shamba zima barafuni.

Waliokuwa wakitoa fedha za utafiti walikuja Februari, wakaitazama ile kofia, wakanywa chai yetu kwa adabu na kusema watatupa msimu mmoja zaidi. Wakikuta hivi tena, bustani itafungwa. Bustani ikifungwa, masomo yangu yalikuwa yamekwisha nusu njia na kibali changu cha kukaa kinaondoka nayo. Mama naye angepoteza kazi, pamoja na barua ya mwajiri ambayo kila mara alipokwenda kuhuisha karatasi zake za ukimbizi aliibeba kifuani kama hirizi. Kwa hiyo msimu ule wa pili hatukuwa na mchezo.

Agizo la Daktari kwa mistari ile mitatu lilikuwa moja tu: isiguswe. Nilikuwa nimesoma vitabuni kwamba wakulima wa nchi za baridi hukata machipukizi ya kwanza, na Daktari alilijua hilo kuliko mimi, lakini alisema mimea yetu imechoka, haikupata usingizi, ukiikata itakufa. Mimi nilikubali bila kuuliza. Niliona hayo ya kukata ni mambo ya wenye theluji.

Mwanzoni mwa Septemba machipukizi yalikuwa yamefika magotini, dhaifu, yamelala chini, hayataki kamba. Ikatokea kwamba wiki ile ile Daktari alisafiri kwenda Cape kwenye mkutano, na mimi nikashikwa na mafua mabaya ya kutetemeka. Nilimpa Mama ufunguo. Nikamwambia, "Mama, uniangalizie bustani siku mbili tatu, nina homa." Sikumwambia kingine. Lile agizo la kutogusa lilikuwa limeandikwa kwenye daftari, kwa Kiingereza, kwa mwandiko wangu mzuri, na sikuwahi hata siku moja kumtafsiria. Nilidhani asiyefahamu jambo hatalifanya. Mtu mwenye elimu anaweza kuwa mjinga wa kupigiwa mfano.

Siku ya tatu Mama alipanda ngazi zangu Greyville akiwa na kapu lililofunikwa kwa kitenge. Alikuwa ametoka kwake na sufuria mbili, moja ya ugali na moja ya mboga za majani zilizopikwa kwa karanga. Nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu jana yake. Alinisogezea kiti, akaninawisha mikono, akakaa kitandani kunitazama.

"Kula, mutoto yangu. Homa inaogopa mutu mwenye kushiba."

Nilikula. Nilikula bila aibu. Mboga ilikuwa laini, ina uchungu kidogo wa kupendeza, uchungu unaokuita urudi, na karanga zimeikaza vizuri. Nilimaliza, nikafuta sufuria kwa tonge la mwisho. Kisha ndipo nikauliza, kwa kutaka kumsifu tu.

"Mama, mboga gani hii? Si mchicha, wala si matembele."

Akatabasamu, amefurahi kwamba nimeuliza. "Ni ile ya kwako. Ile ya kule mu bustani. Ilikuwa inalala chini tu, haina nguvu. Nikasema nikate vichwa vyake vyote, ipate nguvu. Na vile vichwa iko muzuri sana, nikasema siwezi kutupa na mutoto yangu iko mugonjwa."

Homa iliniacha papo hapo. Nasema kweli, sijapata kuona dawa ya namna ile.

Tulichukua taksi hadi Sydenham. Nilifungua lango nikashuka mteremko mbio na viatu vya nyumbani. Mistari mitatu ilikuwa wazi kabisa. Mashina yalikuwa yamechumwa kwa ukucha, chini karibu na udongo, kwa usafi wa mtu aliyechuma majani ya maboga tangu akiwa na miaka sita. Mashina mawili tu ya mwisho katika kila mstari, yale ya upande wa uzio, ndiyo yaliyokuwa na machipukizi yake. Mengine yote nilikuwa nayo tumboni.

Hapo nilimsema Mama. Sitaandika yote niliyosema, kwa sababu mengine hayastahili wino. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia bustani itafungwa kwa sababu ya tumbo. Nilimwuliza kama huko kwao mtu akipewa nyumba ailinde, yeye huila. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, yeye ana umri wa kunizaa, na nilimnyooshea kidole. Alisimama akikunja kile kitenge cha kapu, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama leso.

"Nilizani nakusaidia," alisema.

Ningeweza kumwomba radhi pale pale. Sikufanya hivyo. Nilikuwa nahesabu upesi upesi nani ataulizwa nini. Daktari akijua Mama kachuma, Mama ataondoka, na akijua mimi sikumtafsiria agizo, nitaondoka nyuma yake. Lakini Sydenham ina tumbili. Wanatoka kwenye vichaka vya mtoni, wanaruka kuta, wanaingia jikoni kwa watu na kuondoka na mikate. Kila mtu wa Durban ana kisa chake cha tumbili. Nikaingia ofisini, nikafungua daftari, nikaandika tarehe, na mbele yake nikaandika: tumbili wamekula machipukizi, mistari mitatu.

Nilipomweleza Mama la kusema, alinikazia macho. "Makako? Makako gani? Hawakuingia humu."

"Mama, tafadhali. Ukiulizwa, ni tumbili."

"Eish." Akatikisa kichwa. "Sawa. Weye ndio umesoma."

Daktari aliporudi alisoma daftari amesimama, na mara ya kwanza nikamsikia akitukana, kwa sauti yake ile ndogo. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa vitendo, akaagiza wavu wa kuzungushia mistari na kuniambia nimwambie Mama kwamba kila siku asubuhi, akifika saa moja, atembee kando ya uzio akigonga kopo, ili tumbili wasirudi. Nilitafsiri. Nilitafsiri neno kwa neno nikiwa natazama viatu vyangu. Mama alisikiliza, akanitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akaenda kutafuta kopo.

Alipata la maziwa ya unga na kijiti cha fito. Tangu siku ile kila asubuhi nilipokaribia lango nilimsikia: ko, ko, ko, kando ya uzio, kwenda na kurudi, akifukuza wanyama ambao hawakuja, kwa kosa ambalo yeye mwenyewe hakuwa amelificha. Wakati mwingine nilichelewa makusudi ili nikute amemaliza. Yeye hakulalamika hata siku moja, na hakuniletea chakula tena.

Nami nilisubiri mimea ife.

Haikufa. Mwanzoni mwa Oktoba udongo ulianza kuinuka kwenye yale mashina yaliyochumwa, na machipukizi yakatoka kwa pamoja, wiki moja, manene, mekundu kwenye ncha. Sikuamini, nikanyamaza. Mwezi wa Novemba yalishika kamba yenyewe. Ukiyapima asubuhi na kuyapima tena kesho yake, yalikuwa yameongezeka zaidi ya shibiri. Siku sasa zilikuwa ndefu, jua halikuondoka mapema, na mmea ulikuwa mchanga bado, haujafikiria maua, una kazi moja tu ya kupanda. Kufika Krismasi ulikuwa umegusa waya na unaning'inia upande wa pili. Wakati huo huo yale mashina mawili mawili ya uzioni, ambayo Mama hakuyachuma, yalirudia mchezo wa mwaka jana: yalitoa maua usawa wa kiuno, yakachoka.

Daktari alikuwa akija bustanini hata Jumapili. Katikati ya Januari tulisimama chini ya mistari ile mitatu na koni zilikuwa zimefunika kamba kutoka kifuani hadi juu, nzito, zinanukia kama maganda ya limau na majani makavu. Alichuma moja, akaipasua kwa kucha, akanionyesha ule unga wa njano. Mimi niliona raha iliyochanganyika na hofu, raha ambayo mtu hathubutu kuikumbatia kwa sababu ameiiba.

"Sasa niambie kuhusu hawa tumbili," alisema.

Nikajifanya nahesabu koni.

Aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa na kufungua daftari magotini. Alitaka kila kitu. Machipukizi yalikuwa na urefu gani siku ile? Yalikatwa au yaling'olewa? Chini kabisa, au juu ya udongo? Siku moja au siku mbili? "Watu wa fedha wanakuja baada ya wiki mbili," alisema, "na wakulima wa George watataka kujua wafanye nini. Siwezi kuwaambia wakaazime tumbili." Kisha akainua uso. "Na kuna jambo linanisumbua. Tumbili gani huyu, anakula mistari mitatu, halafu katika kila mstari anaacha mashina mawili ya mwisho? Anajua kuhesabu?"

Angeweza kuwa anatania. Hakuwa anatania. Nilitazama yale mashina mafupi ya uzioni na nikaona kitu ambacho miezi minne nilikuwa nimekataa kukiona: kwamba bila ukweli, mavuno yote yale yaliyokuwa juu ya vichwa vyetu yalikuwa bahati tu, na bahati haifundishi mtu. Nikisema uongo wangu mara ya pili, bustani ingeweza kupona mwaka huu na utafiti ukafa. Tena ukafa mikononi mwangu, mimi niliyekuwa nimemwambia mwanamke mzima kwamba ameuua yeye.

"Hakukuwa na tumbili," nikasema. "Ni Mama aliyechuma. Mimi ndiye ambaye sikumwambia kwamba hayaguswi. Na niliyala. Kwa ugali."

Nilisema yote, mpaka karanga. Nilipomaliza nikakaa chini kwenye matandazo. Ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye wavu, ule wavu wa bure. Kisha Daktari akauliza, polepole, kwa Kiingereza chake safi, "Yalikuwa matamu?"

"Sana," nikasema, na machozi yakanitoka kama mtoto.

Akaniambia nikamwite Mama. Mama alikuja akijipangusa mikono, ameshajua, maana uso wangu haukuficha kitu. Nikamwambia kwa kifupi kwamba nimesema kweli. Alishusha pumzi mpaka mabega yakashuka nayo. Daktari akamwomba aonyeshe alivyofanya. Mama akapiga goti kwenye mojawapo ya mashina ya uzioni, akatenga majani, akaonyesha kwa ukucha wa kidole gumba: hapa, pale penye laini panapokatika penyewe, chini kabisa, lile linaloanza kutoka udongoni unaliacha. Akasema majani ya maboga yanafanywa hivyo, na ya viazi vitamu, na chochote kinacholala badala ya kupanda. Ukikionea huruma kinakuwa kivivu. Nilitafsiri, na Daktari aliandika bila kuinua kichwa.

"Muulize kwa nini aliacha mawili ya mwisho."

Nikamwuliza. Mama akashangaa swali lenyewe. "Shamba hawaachaki uchi. Mama yangu hakuwa anamaliza mustari. Ya mwisho ni ya mutu atapita nyuma yako, asikute imeisha."

Nilipotafsiri hilo Daktari aliweka kalamu chini. Alitazama yale mashina mafupi, sita kwa jumla, kisha yale marefu. Hatukuwa na namna nyingine ya kujua. Kama Mama angemaliza mistari, tungesema ni mwaka mzuri, ni mvua, ni mbolea. Yale sita yalikula mvua ile ile na mbolea ile ile na yakabaki kiunoni. Hakuna mtafiti aliyekuwa ameyapanga yawe hivyo. Yalibaki kwa ajili ya mpita njia.

"Nilijua kwamba hukatwa," Daktari alisema, kana kwamba anajisemea. "Miaka yote nimejua. Niliogopa tu." Akanipa daftari na kalamu. "Hatufuti. Unapiga mstari mmoja juu ya uongo, usomeke, halafu unaandika ukweli chini yake."

Nikapiga mstari juu ya tumbili. Nikaandika ni nani aliyechuma, vipi na kwa nini, na nani hakumwambia. Sijawahi kuandika kitu kifupi kikanipa nafuu kubwa vile. Usiku ule nililala kama gogo.

Waliotoa fedha walikuja baada ya wiki mbili. Daktari aliwaonyesha mashina marefu na mashina mafupi, akawasomea daftari lote pamoja na ule mstari, na mmoja wao, mzee mwenye kofia ya mkulima kutoka kule kusini, akapiga magoti kwenye udongo na suruali yake nzuri kutazama ukucha wa Mama ulipopita. Alisema shambani kwake machipukizi yameanza kuamka Julai, na amekuwa akiyaonea huruma. Jioni Daktari alinipigia simu kwenye duka la viatu. Bustani imepewa miaka mitatu zaidi. Mimi nitamaliza masomo. Barua ya Mama itaandikwa upya, na safari hii cheo chake si mfagizi. Nilimkumbatia mwenye duka, ambaye hakujua kwa nini, akanikumbatia na yeye.

Hata mama yangu nilimpigia simu, nikamwambia mkia wa lile jibu. Alinyamaza mpaka nikadhani kadi imekwisha. Kisha akauliza, "Na majani yake yanaliwa?" Nikasema yanaliwa. "Basi si haba," akasema.

Kesho yake nilitoka Greyville mapema, nimevaa vizuri, naimba kimoyomoyo. Nilipanda kilima cha Sydenham bila kuhisi miguu. Na nilipokaribia lango, nikasikia.

Ko, ko, ko.

Nilisimama barabarani. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu nikiri. Tulikuwa tumepiga mstari kwenye daftari, tumewaandalia wageni chai, tumefurahi, tumepigiana simu, kila mmoja amepumua kwa jambo lake. Katika nafuu yetu yote ile, hakuna aliyemkumbuka Mama na kopo. Siku zile nilipita kwenye lango lile nikilisikia kila asubuhi, na masikio yangu yalikuwa yamelizoea kiasi kwamba sikuwa nalisikia tena.

Niliingia. Alikuwa kule mwisho wa uzio, anarudi upande wangu, kijiti mkononi, anatembea kwa mwendo wake wa kila siku.

"Mama," nikasema, "bado tu unagonga? Si nilisema kweli? Si unajua hakuna tumbili?"

"Najua. Tangu mwanzo nilijua." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Lakini weye ndio ulinambia nipige. Nilikuwa nangojea weye unambie niache."

Nilimnyang'anya lile kopo, au tuseme nililipokea, maana alilitoa kirahisi. Lilikuwa limebonyea upande mmoja kwa miezi yote ile ya kugongwa. Nikaliweka chini. Nikapiga goti mbele yake kwenye udongo, kama tunavyowaamkia wakubwa kwetu, nikamwomba radhi, kwa ule uongo, na kwa kidole nilichomnyooshea, na kwa lile neno la kula nyumba, moja moja, kwa Kiswahili, bila ya kumtafsiria mtu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniinua kwa kiwiko, akapangusa udongo magotini pangu, na kuniuliza kama nimekula.

"Bado," nikasema.

"Basi, kuya ukule," akasema. "Nimeleta."